Ngoja Niangalie Alizeti

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Kuna sauti yako moja inayokaa nami, na siyo sauti ya maneno. Ni kandambili zako kwenye sakafu ya saruji. Chwa, chwa, chwa, zinakwenda dirishani. Halafu kimya. Jogoo wa jirani anawika kwa mbali, mtu anapita barabarani na baiskeli inayolia mnyororo. Halafu chwa, chwa, chwa, zinarudi. Naisikia nikisubiri maji ya chai yachemke. Naisikia hapa Singida mjini nikiwa nyuma ya bodaboda, upepo wa ziwani ukinipiga usoni, mahali ambapo hakuna sakafu wala kandambili. Imenizoea. Nami nimeacha kuifukuza.

Wiki ya msiba wako nilijaribu kukuandikia nikaishia kwenye shikamoo. Niliiandika, nikangoja. Ndivyo ulivyotulea, mtoto hapiti mpaka aitikiwe. Mkono ukakataa kuendelea bila marahaba yako. Leo umekubali. Nina habari za kazi yetu na nyingi ni njema. Moja ni ya kosa nililokufanyia baada ya wewe kuondoka, na nataka uisikie kutoka kwangu mwenyewe, kabla mkeo Mama Elia hajakusimulia kwa namna yake pale kaburini, maana najua kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwako na anakuambia kila kitu.

Lakini kwanza nirudi darasani, kwa sababu kosa lenyewe lina mzizi huko.

Darasa la tano, Iguguno, tulikaa watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili. Walimu wengine wakiuliza swali, kabla halijamalizika mikono ilishaota chumba kizima. Mimi mwalimu! Mimi, mimi, mimi! Katika mimi hizo zote, mimi sikuwemo. Swali lilikuwa linaniingia kama mvua kwenye udongo mgumu, linasimama juu kwanza, na lilipokuwa linaanza kuzama, jibu lilishasemwa na mwenzangu, limeshapigiwa makofi, na ubao umeshafutwa. Nilianza kuamini kwamba sina akili. Sikumwambia mtu. Ni jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kulibeba peke yake kwa muda mrefu sana.

Wewe uliuliza swali, ukaweka chaki mezani, ukasema, "Mikono chini. Ngoja niangalie alizeti."

Ukatembea hadi dirishani kwa viatu vyako vya ngozi vilivyolala upande mmoja kisiginoni. Ukasimama, umetugeuzia mgongo, mikono nyuma, ukaangalia shamba la shule. Hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha mkono mpaka urudi ubaoni. Wenye haraka walijinyonganyonga kama wamekalia siafu. Sisi wa nyuma tulifikiri.

Kiangazi kimoja mtoto mmoja mtundu alikuambia, "Mwalimu, alizeti si zimeshavunwa?" Darasa likaangua kicheko. Wewe hata hukugeuka. Ukajibu, "Basi naangalia pale zilipokuwa."

Na ile siku uliporudi kutoka dirishani ukaipita mikono yote, ukaja hadi dawati langu la mwisho, ukainama kidogo. "Na bi harusi wetu anasemaje?" Walicheka, kwa sababu nilikuwa nakaa hivyo kweli, macho chini, kimya, kama bi harusi siku ya kutolewa nje. Nikasema jibu. Lilikuwa sahihi. Swali silikumbuki tena. Nakumbuka kwamba ulilipokea jibu langu bila kushangaa.

Nimesoma mpaka Dodoma, Mwalimu, nimevaa joho, nimepigwa picha na ndugu kumi na wanane, na bado kile kitu cha kutokushangaa kwako ndicho cheti changu.

Sasa kazi yetu. Nitaisimulia ingawa unaijua, maana nahitaji kuipanga kichwani.

Nilikuja kwako na kompyuta mpakato begani na mpango wa kurasa ishirini. Programu ya hisabati kwa darasa la tano: picha zinazotembea, sauti, maandishi, maswali ya kubonyeza, yote ndani ya kishikwambi. Niliipanga kwa visanduku na mishale kama nilivyofundishwa. Ulikuwa umestaafu, unafuga kuku, umevaa fulana yenye tundu begani. Ukanawa mikono, ukavaa miwani, ukasoma kurasa zote ishirini bila kuruka hata moja. Mimi nilikunywa uji wa Mama Elia na kujifanya sikuangalii.

"Michoro mizuri," ukasema. "Andalio la somo liko wapi?"

Nikakuambia hilo ndilo andalio, la kisasa.

"Hapana, bi harusi. Hapa naona mashine inafanya nini. Mtoto anafanya nini?"

Kwa kweli nilikasirika. Nilikuwa na shahada, na wewe ulikuwa na tundu begani. Nisamehe, lakini ndicho nilichokiwaza, na uliona, kwa sababu ulicheka.

Ukaleta kaunta buku mpya na rula ya mbao. Ukachora safu moja moja, na kila safu uliniuliza iitwe nini. Picha. Sauti. Maandishi. Kitufe. Halafu ukachora ya tano, pana kuliko zote, na hiyo hukuniuliza. Ukaandika mwenyewe: Mtoto anafanya nini. Pembeni kabisa ukaweka safu nyembamba ya muda, kama kwenye maandalio yote uliyoandika maisha yako yote.

Tulipanga masomo kumi na mawili kwa namna hiyo, yote ya hesabu za sehemu, kuanzia nusu na robo. Debe la alizeti, chupa ya mafuta, chapati moja na watoto wanne. Kila tulipofika kwenye swali, kwenye ile safu ya tano uliandika neno moja: Anafikiri. Na kwenye safu ya muda uliandika: Mpaka nirudi.

Nilikuambia, "Mwalimu, kompyuta haielewi mpaka nirudi. Inataka sekunde."

Ukasema, "Basi ihesabu nyayo zangu."

Ndivyo tulivyorekodi sebuleni kwako. Kinasa sauti juu ya meza, chini yake kitambaa cha Mama Elia ili meza isigonge. Unauliza, "Mama amepewa nusu debe ya alizeti. Ameigawa sawa kwa watoto wawili. Kila mtoto amepata sehemu gani ya debe zima?" Halafu unasema, "Ngoja niangalie alizeti." Halafu chwa, chwa, chwa. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Nilidhani unajisahau kwamba hauko darasani. Nikajiambia, nitasafisha baadaye.

Tulimaliza kumi na moja. La kumi na mbili ulisema tulifanye baada ya palizi ya viazi. Alizeti zilikuwa zimechanua, dirisha lako lote lilikuwa la njano. Ukaugua Jumanne, Ijumaa wakanipigia simu.

Sitaandika kuhusu Ijumaa.

Baada ya msiba nilirudi ofisini. Unamkumbuka Frank, yule kijana wa picha na sauti uliyemwambia anyoe ndevu ili watoto wasimwogope? Alikaa nami, akaniongelesha taratibu, ambayo kwake ni kazi ngumu. "Dada Hadija, tunayo kumi na moja ya Mzee, la mwisho hatuna. Tukisema ukweli, programu moja inataka sauti moja. Rekodi wewe yote kumi na mawili. Sauti yako safi. Tena hakuna kuku."

Nikakataa. Nilikataa kwa nguvu mpaka akainua mikono juu. "Poa, poa. Ibaki ya Mzee. Ila basi isafishwe, dada. Hivi ilivyo madogo watasema imeganda."

Hapo nilikuwa na kazi ya vipimo vya muda, na vipimo havina msiba. Shule yetu ya Iguguno ina vishikwambi vinane. Watoto wanakaa watano watano, wanaingia kwa zamu mbili ndani ya kipindi kimoja. Kila zamu dakika ishirini, pamoja na kukaa na kusukumana. Masomo yetu, pamoja na ule utangulizi wangu, yalizidi hapo. Ilibidi kitu kikatwe.

Kuhusu utangulizi nikuambie vizuri, kwa sababu hukuuona umekamilika. Ni ile katuni ya Bi Alizeti, ua lenye macho na kilemba, linaloamka asubuhi, linaimba, linawasalimia watoto, linacheza mpaka majani yanapukutika na kurudi. Niliuchora kwa miezi mitatu. Kila jani nililichora mwenyewe. Nilikuwa nauangalia nikiwa na huzuni na huzuni inapungua. Dakika tatu na nusu mwanzoni mwa kila somo. Kuukata haikunijia hata akilini.

Nikakata nyayo zako.

Nilikaa siku mbili na masikio yamezibwa kwa vipokea sauti, nikaondoa kila mahali usipoongea. Kandambili, jogoo, baiskeli. Nikaondoa "Ngoja niangalie alizeti," kwa sababu hakuna alizeti kwenye kioo cha kishikwambi. Nikaondoa zile pumzi unazovuta kabla ya sentensi ndefu. Mashine inaonyesha sauti kama milima na mabonde, na nilikuwa nafuta mabonde. Nilijisikia fundi. Ulitoka mwepesi, umenyooka, swali, jibu, swali, jibu. Frank akapiga makofi. Mimi mwenyewe nilifurahi, Mwalimu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikapanda basi hadi Iguguno kumwomba Mama Elia baraka zake. Sikutaka sauti yako iingie madarasani kabla yeye hajaisikia. Aliniandalia kiti nje, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa. Nikampa kishikwambi mikononi, nikabonyeza.

Alisikiliza somo la kwanza lote. Mwanzoni alitabasamu Bi Alizeti alipoimba. Ulipoanza kuongea alikishika kile kitu kwa mikono miwili. Nilikuwa namwangalia nikitegemea machozi, nimeandaa na leso. Hakulia. Alianza kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Somo likaisha. Akanirudishia.

"Sauti ni yake," akasema. "Lakini siyo yeye."

Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu hapumui, mwanangu."

Alisema hivyo tu, kwa upole, halafu akaenda kuangalia maharage jikoni. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa nimechukua sauti ya mtu aliyekufa na kuiondolea pumzi, nikaja kumpa mke wake aisikilize, na leso mkononi.

Njiani kurudi mjini nilijitetea. Najua kujitetea, nimesoma. Nilijiambia yeye ni mjane, anasikia kwa masikio ya mjane, watoto ni jambo lingine. Kwa hiyo nikaamua kupima. Alhamisi iliyofuata nilikwenda shuleni na matoleo yote mawili, lililokatwa na lililo zima, kama tulivyoandika kwenye mpango kwamba hakuna kitakachopitishwa bila kujaribiwa na watoto. Hata hilo ni sharti lako.

Zamu ya kwanza walisikiliza lililokatwa. Walimpenda Bi Alizeti, waliimba naye. Halafu swali la nusu debe, na mara moja vitufe vya majibu vikafuata. Kwenye kila kishikwambi alikuwepo mmoja aliyewahi kubonyeza, wanne wengine wakamwangalia kidole. "Nusu!" alipiga kelele mmoja, kwa sababu neno nusu ndilo alilolisikia kwanza. Kishikwambi kikamwambia siyo, kikaendelea na swali jingine. Nyuma kabisa palikuwa na msichana mmoja mwembamba, mkono shavuni. Hakugusa kitu. Somo lilipoisha uso wake ulikuwa sijui nikuambieje. Niliujua. Niliwahi kuuvaa.

Kengele ya zamu ikapigwa, na nikamwomba mwalimu wao amwache msichana yule abaki na zamu ya pili.

Zamu ya pili nikawawekea lililo zima. Niliuruka ule utangulizi wa Bi Alizeti ili muda utoshe. Kioo kikaonyesha debe na swali. Ukauliza. Ukasema, "Ngoja niangalie alizeti." Chwa, chwa, chwa.

"Imeganda!" mmoja akasema, akaanza kukitikisa kishikwambi.

"Haijaganda wewe! Anatembea. Msikilize."

"Anaenda wapi?"

"Si amesema anaenda kuangalia alizeti."

"Zilishavunwa!"

"Kwani wewe unaona anakoangalia? Nyamaza tufikiri, atarudi."

Atarudi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dawati lao, nikalisikia.

Walinyamaza. Watoto wa darasa la tano, zamu ya pili, karibu na saa ya uji, walinyamaza kwa sababu kandambili za mtu zilikuwa zinatembea kwenye sakafu ambayo hawajawahi kuiona. Msichana mwembamba aliweka vidole viwili mezani, akavitenganisha, akavitenganisha tena. Jogoo wako akawika na wakacheka kidogo. Ukarudi. Akasema kabla ya wote, kwa sauti ndogo, "Robo." Halafu akatazama huku na huku kama mtu aliyevunja kikombe. Mwenzake akamsukuma bega, "Bonyeza basi!" Akabonyeza.

Wewe ukasema, "Ndiyo. Robo." Bila kushangaa. Ulilisema mwezi wa pili, sebuleni, ukiangalia kinasa sauti, na lilimfikia yeye.

Mwalimu, nilikuwa nadhani unajisahau. Ulikuwa unapanga. Safu ya tano na ile nyembamba ya muda zilikuwa zimesema yote tangu mwanzo. Nilizisoma, nikazipiga picha, nikazinakili kwenye kompyuta, na nilipofika kwenye kazi yenyewe nikaziona nyayo zako kuwa kelele za kusafishwa. Mimi. Kati ya watoto wote uliowangoja dirishani, mkasi niliushika mimi. Mtu mwingine angekosea kwa kutojua.

Nililia kwenye basi, nikijifanya ni vumbi. Halafu, na hili linanishangaza, nilipofika mjini nilikuwa na njaa na nilikuwa na furaha. Nilinunua kuku wa kienyeji na ugali, nikala wote. Kosa lilikuwa la aina inayorekebishika. Hayapo mengi ya aina hiyo baada ya mtu kufa.

Palibaki kikao. Wale wanaotufadhili kazi hii walikuja kupitia mpango kabla ya kuupitisha. Walikuwa watu wema, wenye kalamu nzuri. Mmoja wao aliweka kidole kwenye jedwali letu, pale penye Anafikiri, akauliza kama hatuoni muda unapotea. Akapendekeza saa ndogo pembeni ya kioo, inayorudi nyuma, na nyota kwa anayewahi. Hoja hiyo ingepita, somo lingekuwa mashindano, na msichana wangu angerudi kuweka mkono shavuni. Nilikuwa kama nimeitwa ubaoni. Unanijua, mimi siyo wa kusema kwenye vikao.

Nilitaka kujibu papo hapo na maneno hayakuja. Kwa hiyo nikasimama. Nikatembea hadi dirishani. Ofisi yetu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na chini mzee mwenye duka alikuwa anabishana na mteja kuhusu misumari. Nikaangalia hapo. Sijui kama watu waliudhika. Frank ananiambia ilikuwa kama mwaka mzima. Nikarudi mezani na nikawaambia, "Mmeona? Mmeningoja. Na sasa nina jibu." Nikawaeleza habari ya nusu debe na vidole viwili. Yule mama wa saa na nyota alicheka, akaandika kitu, akasema, "Haya mwalimu, endelea." Aliniita mwalimu. Sikumsahihisha.

Lakini mpango ulipitishwa kwa sharti la dakika ishirini. Hilo halikubadilika, wala si haki libadilike, vishikwambi ni vinane na watoto ni wengi. Ilibidi kitu kikatwe bado. Na safari hii nilijua ni nini.

Nilimtoa Bi Alizeti. Dakika zote tatu na nusu, wimbo, kilemba, majani yote niliyoyachora moja moja. Sikumwacha hata kwenye somo la kwanza, kwa sababu najijua, ningemwacha hapo halafu ningemtafutia nafasi kwenye la pili. Badala yake kuna sauti ya Mama Elia, maneno machache tu, aliyoyakubali mwenyewe na kuyasema mara moja bila kurudia: "Mwalimu anayewafundisha hapa ni marehemu mume wangu. Hana haraka. Nanyi msiwe na haraka." Tulijadiliana kama watoto waambiwe. Yeye ndiye aliyesema waambiwe, kwamba hukuwahi kudanganya darasa. Na vitufe havibonyezeki mpaka urudi ubaoni. Frank alinung'unika akaitengeneza, na imetengenezwa vizuri. Ndevu bado hajanyoa.

Kuhusu la kumi na mbili. Jumamosi iliyopita nilikwenda sebuleni kwako na kinasa sauti. Meza ileile, kitambaa kilekile. Mama Elia alizisukuma kandambili zako kwa mguu kutoka chini ya kabati mpaka zikafika mbele ya miguu yangu, akatoka nje kulisha kuku. Nikazivaa. Ni kubwa, ilibidi nizikamate kwa vidole. Nikasoma swali la mwisho kutoka kwenye kaunta buku, mwandiko wako, lile la chapati na mgeni wa tano anayefika wakati wenzake wanne wameshaanza kula. Nikasema, "Ngoja niangalie alizeti."

Dirishani hakuna kitu sasa. Mabua makavu, mbuzi wa jirani, udongo mwekundu mpaka barabarani. Nikaangalia pale zilipokuwa. Sikuhesabu sekunde. Nilisimama mpaka nikaona mtoto wa nyuma kabisa ameshafika, halafu nikarudi mezani.

Mama Elia alisikiliza baadaye. Akasema natembea kama bata. Akasema pia kwamba napumua.

Basi, Mwalimu, pumzika. Sikuagi sana, maana utanisikia tena kila darasa la tano linapofungua kishikwambi. Nakuahidi jambo moja, na ni la kazi. Tunaanza kupanga masomo ya darasa la sita. Kaunta buku mpya nimeinunua, rula ya mbao Mama Elia amenipa. Safu ya kwanza nitakayoichora ni ile yako ya tano, na sitachora nyingine yoyote mpaka niwe nimeijaza hadi mstari wa mwisho.

Masomo yote kumi na mawili yako shuleni tangu juzi, kwenye kabati la mwalimu mkuu, ndani ya vishikwambi vyote vinane. Lile toleo nililolikata lilikuwa limebaki kwenye kompyuta ya ofisini. Frank aliniuliza kama ahifadhi nakala yake mahali, huenda siku moja likahitajika. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeshalifuta.

Mwanafunzi wako wa dawati la mwisho,
Hadija